Barbra Banda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu straika wa Zambia

Kila Zambia inapocheza, maswali huwa ni yale yale. Yupo anayemsikia Banda kwa mara ya kwanza, na yupo anayemfuatilia tangu Olimpiki ya Tokyo lakini kuna mambo yamemchanganya. Majibu yako hapa chini. Maswali yenye mengi nimeyapa nafasi, mengine nimeyamaliza kwa mistari miwili.

Barbra Banda ni nani hasa?

Ni mshambuliaji wa kati na nahodha wa timu ya taifa ya wanawake ya Zambia, ile inayoitwa Copper Queens. Alizaliwa Lusaka tarehe 20 Machi 2000. Mguu wake ni wa kushoto. Tangu Machi 2024 ni mchezaji wa Orlando Pride ya Florida, Marekani, na mwaka huo huo CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilimtangaza mchezaji bora wa kike wa Afrika.

Mimi nikitakiwa kumweleza kwa mtu asiyemjua huwa naanza na jambo moja la ajabu. Huyu dada amefunga mabao matatu katika mechi moja ya Olimpiki mara tatu, na Zambia haikushinda hata moja kati ya mechi hizo. Ukilielewa hilo umeielewa nusu ya maisha yake ya soka.

Alianza lini kuichezea Zambia?

Mapema mno. Mwaka 2014 Zambia ilifuzu Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, nchini Costa Rica, naye akawamo kikosini. Mashindano yalipoanza katikati ya Machi alikuwa na miaka 13. Miaka 14 aliifikishia huko huko, akiwa anakabana na mabinti waliomzidi miaka mitatu.

Baadaye aliichezea Green Buffaloes, klabu ya jeshi ya Lusaka. Mashabiki wa Simba wanaikumbuka, kwa sababu mwaka 2022 ilipangwa kundi moja na Simba Queens katika Klabu Bingwa Afrika kwa wanawake kule Morocco. Lakini wakati huo Banda alikuwa keshaondoka siku nyingi.

Ni kweli alikuwa bondia?

Kweli. Alipanda ulingoni kabla mpira haujamchukua moja kwa moja. Ukimtazama akicheza utaona mabaki yake: beki akimgusa begani, yeye hupanua miguu, hushusha kiuno, na anayeyumba ni yule aliyekuja kumsukuma.

Aliwezaje kutoka Lusaka hadi Marekani?

Kwa njia ya kuzunguka. Mwaka 2018 alikwenda EDF Logroño ya Hispania, klabu ndogo ya mji mdogo unaojulikana zaidi kwa mvinyo. Mwaka 2020 akahamia Shanghai Shengli ya China. Wengi walidhani amejizika, kwa sababu ligi ya China nani anaitazama? Msimu wa kwanza alifunga mabao 18 katika mechi 13 na kuwa mfungaji bora wa ligi. Aliendelea kukaa China mpaka Orlando ilipokuja na hundi mwaka 2024.

Naona watu huiruka hii miaka ya China kana kwamba haikuwepo. Ndiyo iliyomkomaza.

Nini kilitokea Tokyo?

Olimpiki ya Tokyo ilichezwa Julai 2021 kwa sababu korona iliichelewesha mwaka mzima. Zambia ilikuwa imefuzu kwa mara ya kwanza, baada ya kuitoa Kamerun kwa faida ya mabao ya ugenini, jumla ikiwa 4-4. Banda, miaka 21, ndiye aliyevaa kitambaa cha unahodha.

Mechi ya kwanza, tarehe 21 Julai mkoani Miyagi, ilikuwa dhidi ya Uholanzi, waliokuwa wamecheza fainali ya Kombe la Dunia miaka miwili kabla. Matokeo: 10-3. Vivianne Miedema peke yake alitia manne. Kwa kawaida timu ikifungwa kumi mtu hatazami ya mwisho. Aliyeendelea kutazama alimwona Banda, ambaye alikuwa na bao lake la dakika ya 20, akifunga jingine dakika ya 82 na jingine tena ya 83. Timu imezama kitambo, wenzake wanatembea, yeye bado anamkimbilia beki wa mwisho kama vile ni sare ya bila kufungana.

Siku tatu baadaye wakakutana na China. Hawa walikuwa wanamjua vizuri, maana ndiko anakolipwa mshahara. Zambia ikawa nyuma 3-1. Banda akafunga kabla ya mapumziko, akafunga mara tu baada ya mapumziko, akafunga tena dakika ya 69, ikawa 4-3 kwa Zambia. China wakasawazisha kwa penalti dakika za mwisho. Mabao yote manne ya China aliyafunga mtu mmoja, Wang Shuang. Kwa hiyo ilikuwa mechi ya 4-4 ambayo mabao saba kati ya manane yamefungwa na watu wawili. La nane, lililobaki, ni la Racheal Kundananji, mwenzake wa safu ya mbele. Tutamfikia.

Mechi ya tatu Brazil wakashinda 1-0 na Zambia ikarudi nyumbani. Hesabu ya Banda: mabao sita, na mwanamke wa kwanza kufunga matatu katika mechi mbili mfululizo za Olimpiki. Hesabu ya Zambia: pointi moja.

Kwa nini Zambia inafunga sana na kufungwa sana?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na jibu langu ni la mtazamaji tu, si la kocha.

Zambia ina washambuliaji wenye mbio ambazo timu chache duniani zinazo. Ukiwa na watu hao, kishawishi ni kimoja: mpira ukiupata, upige juu ya mabeki, wao watajua la kufanya. Mara nyingi wanajua kweli. Tatizo ni kwamba pasi ndefu ya mita 40 isipofika, mpira unarudi na kukuta timu imekatika vipande viwili. Mbele wako watatu, nyuma wako sita, na katikati pana uwanja mtupu wa kuchungia mbuzi. Timu kama Uholanzi, Japani au Hispania ikipewa nafasi hiyo haikuachi.

Zipo siku mtindo huo ulilipa. Julai 2023, wiki mbili hivi kabla ya Kombe la Dunia, Zambia ilikwenda Fürth kucheza mechi ya kirafiki na Ujerumani, waliokuwa wa pili duniani kwenye orodha ya FIFA. Zambia ikashinda 3-2. Wajerumani walirudisha mawili na kila mtu akajua imeisha sare, halafu Banda akafunga la ushindi ndani kabisa ya dakika za nyongeza. Wenyeji walibaki wameshika viuno.

Kwa nini hakucheza WAFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake) ya 2022?

Chama cha soka cha Zambia kilisema hakukidhi masharti ya vipimo vya jinsia vilivyotakiwa kwa mashindano yale, hivyo akaondolewa kikosini kule Morocco. Zambia ikacheza bila yeye, ikaifunga Nigeria 1-0 na kushika nafasi ya tatu, na ikafuzu Kombe la Dunia.

Miezi miwili baadaye alirudi uwanjani katika COSAFA, mashindano ya nchi za kusini mwa Afrika, akawa mfungaji bora kwa mabao 10, na Zambia ikalitwaa kombe kwa kuifunga Afrika Kusini 1-0 kwenye fainali. Mwaka uliofuata akacheza Kombe la Dunia la FIFA, kisha Olimpiki ya Paris, na hatimaye WAFCON yenyewe, ile iliyochezwa Julai 2025. Huko mitandaoni wapo wanaojifanya madaktari wa mwili wa mtu wasiyewahi kumwona. Mimi sipo katika kundi hilo, na sitajibu zaidi ya hapa.

Lile bao la 1,000 ni lipi?

Ni la Kombe la Dunia la wanawake 2023, lililochezwa Australia na New Zealand. Zambia ilianza vibaya: Japani 5-0, Hispania 5-0. Mechi ya tatu, tarehe 31 Julai mjini Hamilton, ilikuwa na Costa Rica. Lushomo Mweemba alifunga dakika ya tatu, kisha dakika ya 31 Zambia ikapata penalti na Banda akaitia. Likawa bao la 1,000 katika historia ya Kombe la Dunia la wanawake tangu 1991. Kundananji akamalizia la tatu, ikawa 3-1, ushindi wa kwanza wa Zambia kwenye mashindano hayo.

Zambia pia ndiyo nchi ya kwanza ya Afrika isiyo na pwani kufika hapo. Kwa wanaosubiri timu zao za Afrika Mashariki, taarifa hiyo inauma kidogo.

Ile mechi ya 6-5 ilikuwaje?

Nice, Ufaransa, tarehe 28 Julai 2024, Olimpiki ya Paris. Zambia na Australia. Banda alifunga dakika ya kwanza kabisa, na kabla ya mapumziko alikuwa ameshafikisha matatu. Kundananji akaongeza mawili. Mapema kipindi cha pili ubao ulisomeka Zambia 5, Australia 2.

Mimi na jirani yangu tulikuwa tunaitazama kwenye simu moja, tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Ilipofika 5-2 kifurushi kikakata. Tukacheka, tukasema hata hivyo imeisha, akaenda dukani kununua vocha bila haraka, akapiga na stori huko na muuza duka. Tulipounga tena ilikuwa inaelekea mwisho na imeandikwa 5-6. Jirani akasema programu imekosea, imegeuza namba. Tukaizima, tukaiwasha. Haikuwa imekosea. Steph Catley alikuwa amewarudisha Australia, na Michelle Heyman amefunga la ushindi dakika ya 90.

Hiyo ndiyo mara ya tatu niliyoisema mwanzo. Matatu kwa Uholanzi, kapoteza. Matatu kwa China, sare. Matatu kwa Australia, kapoteza.

Sasa Orlando palibadilika nini?

Mabao yalianza kuwa na faida.

Orlando Pride ilianza kucheza 2016 na haikuwa na kombe lolote kabatini. Mwaka 2023 ilikosa nafasi ya hatua ya mchujo kwa tofauti ya mabao tu, siku ya mwisho ya msimu. Ilikuwa na Marta, Mbrazili ambaye wengi wanamwita bora wa nyakati zote, lakini Marta alikuwa anakaribia miaka 40 na mbele yake hapakuwa na mtu wa kumaliza kazi.

Banda akaja, akafunga 13 katika ligi. Timu ilicheza mechi 23 za mwanzo bila kufungwa na kumaliza kinara. Tofauti na Zambia, nyuma yake kulikuwa na ukuta. Bao moja lilitosha. Hakuhitaji kufunga matatu ili timu ipate pointi.

Marekani kuongoza ligi hakukupi ubingwa. Kuna mchujo baada ya hapo. Robo fainali Chicago walilala 4-1, Banda mawili. Nusu fainali Kansas City 3-2, Banda moja, ingawa siku hiyo kila mtu alizungumzia bao la Marta aliyewalaza mabeki na kipa mmoja mmoja kama anawapanga kwenye mkeka. Fainali ilikuwa tarehe 23 Novemba 2024 mjini Kansas City, dhidi ya Washington Spirit.

Dakika ya 37 mwenzake Angelina alimpasia Banda upande wa kulia wa eneo la hatari. Tazama tena kipande hicho ukipata nafasi, ukiangalia miguu tu. Anapokea, anamsimamisha beki, anasubiri. Beki anajua anataka kuingia ndani kwa mguu wa kushoto, uwanja mzima unajua. Anaingia ndani kwa mguu wa kushoto. Shuti, bao, 1-0, na matokeo hayakubadilika mpaka filimbi ya mwisho. Alitangazwa mchezaji bora wa fainali, na Marta akanyanyua ubingwa wake wa kwanza wa ligi hiyo.

Amepata tuzo gani?

Za 2024 ndizo kubwa: mchezaji bora wa kike wa Afrika wa CAF; mchezaji bora wa kike wa BBC, inayopigiwa kura na mashabiki, ambayo Mwafrika aliyeitangulia ni Asisat Oshoala wa Nigeria mwaka 2015; na nafasi katika kikosi cha dunia cha FIFPRO, umoja wa vyama vya wachezaji duniani, ambacho wanaopiga kura ni wachezaji wenyewe.

Alinunuliwa kwa shilingi ngapi, na pesa zinakwenda kwa nani?

Dola 740,000, kutoka Shanghai. Wakati huo ilikuwa ada ya pili kwa ukubwa katika historia ya soka la wanawake. Ya kwanza ilikuwa imewekwa wiki chache tu nyuma, na mwenye nayo ni nani? Racheal Kundananji huyo huyo, aliyetoka Madrid CFF kwenda Bay FC kwa zaidi ya dola 780,000. Yaani kwa muda fulani, wanawake wawili ghali zaidi duniani katika mpira walikuwa Wazambia wanaocheza safu moja ya mbele. Rekodi hizo zimeshapitwa. Januari 2025 Naomi Girma alivuka dola milioni moja alipokwenda Chelsea.

Pesa hiyo haiingii mfukoni mwa mchezaji. Ni ya klabu inayomuuza. Yeye ana mshahara wake. Lakini kuna kipengele ambacho viongozi wa klabu zetu wengi hawakijui. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa ikatwe na kugawiwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa kumlea kati ya miaka 12 na 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5. Kwa ada ya dola 740,000, mwaka mmoja wa kumlea binti wa miaka 17 ni dola 3,700. Kwa klabu ya mtaani hizo ni jezi, mipira na nauli za msimu mzima. Sharti ni kuwa na karatasi: usajili uliofanyika rasmi, wenye tarehe. Klabu nyingi za wasichana zinaandika majina kwenye daftari la kocha, daftari linapotea, na pesa inapotea nalo.

Kati ya Banda, Kundananji na Temwa Chawinga, nani zaidi?

Ugomvi wa kijiweni huu. Temwa wa Malawi, akiwa Kansas City, alifunga 20 msimu ule ule wa 2024, akachukua kiatu cha dhahabu na tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Banda akachukua ubingwa. Kundananji ana mbio kuliko wote wawili, kwa macho yangu, lakini hutumia nafasi nyingi kupata bao moja.

Nikipewa msimu wa ligi wa miezi minane namchukua Temwa. Nikipewa dakika 90 za fainali namchukua Banda. Anayebisha aje na hoja.

Wazee wanasema hamfikii Kalusha. Ni haki?

Kalusha Bwalya aliifunga Italia mabao matatu Olimpiki ya Seoul 1988, Zambia ikashinda 4-0, na mwaka huo akawa mchezaji bora wa Afrika. Kwa hiyo wazee wana hoja ya msingi: matatu ya Kalusha yalishinda mechi. Lakini Kalusha alikuwa na timu nyuma yake, timu ambayo baadhi ya wachezaji wake Zambia iliwapoteza katika ajali ya ndege ya Gabon mwaka 1993. Nadhani tuwaache wote wawili wakae, kila mtu na kiti chake.

Twiga Stars wamewahi kuwaweza?

Ndiyo. COSAFA ya 2021 Tanzania ilialikwa kama mgeni, ikawatoa Zambia kwa penalti nusu fainali, kisha ikaifunga Malawi 1-0 na kuondoka na kombe la wenyewe. WAFCON iliyochezwa 2025 zote mbili zilikuwepo ila makundi tofauti. Zambia walifika robo fainali na kupigwa 5-0 na Nigeria, ule ugonjwa wao wa siku zote.

Mbona alipotea mwishoni mwa 2025?

Aliumia nyonga Agosti 2025 na msimu wake ukaishia hapo.

Jina ni Barbara au Barbra? Na ni ndugu wa akina Rais Banda?

Ni Barbra, bila "a" ya katikati. Na mwenzake ni Racheal, "e" ikitangulia "a". Simu yako itajaribu kuyasahihisha majina yote mawili, usiikubalie.

Banda ni jina la watu wengi sana Zambia na Malawi, kama Juma kwetu. Kamuzu, Rupiah na Joyce wote walikuwa marais na wote ni akina Banda, kwa hiyo ukianza kutafuta undugu hapo hutamaliza leo. Na kwa wale wanaouliza kwa utani kama ni la kuku au la kuonyeshea mpira: waulizeni mabeki wa Washington Spirit, watawaambia ni banda umiza.